Kona ya Nne ya Godoro

Ofisi ya Chama cha Wahitimu
Chuo Kikuu
4 Machi

Mpendwa Mzee,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa niaba ya chama cha watu waliosoma chuo hiki. Najua bahasha yenye muhuri humtia mtu wasiwasi kabla hajaifungua, kwa hiyo naanza kwa kusema kwamba hii haina habari mbaya.

Mwaka umepita tangu binti yako atutoke. Wenzake aliosoma nao wamekutana na kukubaliana kuanzisha mfuko wa kusomesha wanafunzi kwa kumbukumbu yake. Si mchango wa siku moja, watu wakala keki wakaondoka. Ni mfuko wa kudumu. Fedha tunazochanga zinawekwa mahali salama na haziguswi kamwe. Faida yake ndiyo itakayomsomesha msichana mmoja kila mwaka, hata sisi tunaochanga leo tutakapokuwa hatupo.

Tumependekeza ufadhili huo apewe msichana mwenye alama za juu kuliko wote katika takwimu, somo alilosoma binti yako. Tumependekeza pia uitwe Mfuko wa Chiriku, kwa sababu ndilo jina ambalo chuo kizima kilimjua kwalo.

Kanuni za chuo zinataka sahihi ya mzazi. Fomu nimeiambatanisha. Baraza la chuo litakaa mwishoni mwa Juni, na bila sahihi yako haliwezi kulipokea jambo hili.

Tunaomba pia, kama hutaona uzito, utuandikie machache juu ya utoto wake.

Wako katika utumishi,
Katibu wa Chama


Karakana ya Magodoro
17 Machi

Ndugu Katibu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimekaa ndani ya sufi mpaka kiunoni, kama kuku anayeatamia. Nilisubiri nikung'ute mikono kwanza ndipo niifungue, maana sufi ikishaingia kwenye bahasha haitoki.

Shangazi yake alisema nikupigie simu. Kwenye simu mimi hujibu ndiyo kwa kila kitu. Ndivyo nilivyopata redio mbili nyumba moja. Kwenye karatasi naweza kusema hapana polepole.

Nawashukuru kwa moyo wenu. Lakini nadhani mmekosea nyumba.

Chiriku ni ndege wa kelele. Nawajua, wapo hapa kwenye paa la karakana, wakianza asubuhi hata msumeno wa kiwanda cha jirani hausikiki. Mwanangu hakuwa hivyo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anashika meza ili asimame, na tangu siku ile tuliishi mimi na yeye kama sahani mbili kabatini, karibu karibu na hatugongani. Akisema, "Baba, maji yamechemka," hiyo ilikuwa hotuba. Jioni alikaa mlangoni akinichambulia sufi, akitoa mbegu mojamoja, nyusi zimejaa weupe kama bibi kizee. Nikimwuliza umechoka, aliinua nyusi. Nikimwuliza unataka chai, alishusha. Tulielewana.

Alilala kwa ubavu wa kushoto, uso ukutani. Hilo nalijua kwa sababu kila ninayemshonea godoro humwuliza kwanza, unalalia ubavu gani. Upande huo nashindilia zaidi kidogo. Lake nilimshonea hivyo.

Kwa hiyo huyo Chiriku wenu huenda ni mtoto wa mtu mwingine, na mtu huyo yupo mahali anasubiri barua hii. Mpelekeeni, asikae bila kujua kwamba mtoto wake anakumbukwa. Fomu nimeiweka juu ya kabati, sijaandika kitu.

Mimi,
Fundi Magodoro


Ofisi ya Chama cha Wahitimu
29 Machi

Mpendwa Mzee,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Hatujakosea nyumba. Chiriku alikuwa na nyusi hizo hizo. Alipokuwa hakubaliani na jambo alizipandisha kwanza, maneno yakafuata. Aliandika kwa mkono wa kushoto, akisukuma kalamu badala ya kuivuta. Na ukifungua kitabu chake chochote cha maktaba, kati ya kurasa kulikuwa na kiuzi cheupe cha sufi. Msimamizi wa maktaba alidhani ni panya.

Siku za mwanzo alikuwa mkimya kweli. Baadaye akaanza, na alipoanza hakunyamaza. Wasichana waliokaa naye bwenini wanasimulia kwamba taa zikishazimwa alikuwa anaongea kutoka kitanda cha juu mpaka wote wanapitiwa na usingizi katikati ya hadithi. Mmoja alimwuliza, "Wewe, haya maneno yote unayatoa wapi?" Akajibu, "Nyumbani tunaongea kidogo. Nimekuja na akiba."

Mwalimu wa takwimu alichoka siku moja akamwambia, "Chiriku, kelele zako peke yako zinatosha darasa zima." Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Lakini ukizigawa kwa watu wote humu ndani, kila mtu yuko kimya." Mwalimu aligeukia ubao, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo anausimulia mfano huo akifundisha wastani.

Na unajua aliongea nini hasa, Mzee? Aliongea juu yako. Jinsi unavyouma uzi badala ya kuukata kwa mkasi. Jinsi unavyoyaambia magodoro "haya, kaa sawa" kama ng'ombe. Kuna watu walimaliza chuo wanakujua wewe kuliko wanavyowajua wajomba zao.

Ila hakulala uso ukutani. Huku alilala ameelekea chumbani.

Nimeweka picha. Aliyeziba mdomo kwa mkono ni yeye, anacheka.

Wako,
Katibu


Karakana ya Magodoro
13 Aprili

Ndugu Katibu,

Ni yeye. Mkono uliozibia mdomo ni wa kushoto, na kwenye kidole cha kati kuna kovu la sindano yangu ndefu. Alijichoma akiwa mdogo, akijaribu kushona kona wakati nimelala mchana. Hakulia. Alikuja kunionyesha kidole kama mtu anayeonyesha pete.

Picha nimeiegemeza kwenye jagi la maji. Natazama ule mdomo uliozibwa. Sikujua kwamba meno yake ya nyuma yalionekana hivyo akicheka.

Tangu barua yako ije naota mchana. Kazi hii inaleta usingizi, unajua, ni kama kufanya kazi ndani ya wingu. Naota amekaa mlangoni palepale, sufi inashuka polepole bila kufika chini, na yeye anaongea. Mdomo unakwenda, mikono inakwenda. Sisikii neno. Nakumbuka ndotoni kwamba yote amewapa nyie. Naamka nina fimbo ya kupigia sufi mkononi na mteja amesimama ananiambia, "Mzee, nimekuita mpaka nimechoka."

Sasa nitakwambia kwa nini siwezi kutia sahihi, na usinione mtu wa kinyongo.

Alipokwenda chuo nilimshonea godoro. Nilichagua sufi ya mwaka ule, nyepesi, inayorudi juu ukiibonyeza. Nilimwonyesha na kona ya nne. Kila godoro langu, kona tatu nazishona kwa mshono wa kufunga, huwezi kuzifungua bila kuchana kitambaa. Ya nne naishona kwa mshono wa kuvuta. Ukikata fundo moja tu, uzi wote unatoka kama maji. Baba yangu alinifundisha hivyo. Godoro lisilo na mlango, alisema, ni kaburi la sufi. Kila mwaka unafungua, unaanika juani, unarudisha. Nikamwambia mwanangu, likizo ukija uje nalo tulianike.

Alikuja mikono mitupu. Nikamwuliza kwa nyusi. Akasema, "Baba, mwenzangu wa kitanda cha chini ana springi. Ukikaa linakurusha. Kule ndiyo mambo yao. Lile letu nimemwachia mtu."

Nikasema, "Sawa."

Hayo tu. Sikuuliza tena, naye hakusema tena. Akamaliza chuo, akapata kazi mji mwingine, akawa anakuja na zawadi, na mimi kila nikimwona nakumbuka godoro lililoonewa aibu mbele ya springi. Alipofariki vitu vyake vilikuja na gari. Kulikuwa na kigodoro chembamba cha kitambaa cha buluu, cha dukani. Shangazi yake alikitandika kwenye kitanda chake cha zamani. Mimi sijakigusa. Fundi akinuna, mkono wake nao hununa. Ila nikisimama mlangoni naliona bonde alilolala. Magodoro ya dukani nayo yana huruma, yanashika. Sitaki mtu akiguse wala akianike, maana likipata jua bonde litainuka, na sina lingine.

Kwa hiyo niambie, Katibu. Mtoto aliyeionea aibu kazi ya baba yake, baba huyo ana haki gani ya kusimama juu ya karatasi yenu na kusema huyu alikuwa wangu? Mlikuwa naye nyie. Wekeni nyie sahihi.

Huyo mwenzake wa chini, yupo? Alimtaja siku ile tu. Ningependa kujua kama maisha yalimwendea laini kama godoro lake. Nauliza kwa wema.

Baba yake,
Fundi Magodoro


Ofisi ya Chama cha Wahitimu
20 Aprili

Mpendwa Mzee,

Barua yako imefika.

Kuhusu sahihi, kanuni haziruhusu chama kuweka kwa niaba ya mzazi aliye hai. Fomu ikichelewa, fedha zilizokwisha kukusanywa zitaingizwa katika mfuko wa jumla wa chuo na jina la binti yako halitakuwepo. Napaswa kukujulisha hilo.

Kuhusu msichana wa kitanda cha chini, nitauliza.

Katibu wa Chama


Karakana ya Magodoro
5 Mei

Ndugu Katibu,

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi na imenyooka sana, kama shuka la hospitali. Kama nimekukosea kwa maneno yangu ya springi, nisamehe. Mzee anayefanya kazi peke yake huzoea kuongea bila kutazama uso wa mtu.

Nairudisha fomu bila sahihi. Jina lake lisipokuwepo kwenye karatasi, lipo kwenye midomo ya hao wasichana, na yeye inaonekana alipenda midomo. Picha nakuomba nibaki nayo.

Mvua zimeanza. Wakati huu sufi haifanyiwi kazi, inanywa maji hewani. Nakaa tu.

Fundi Magodoro


Nyumbani
19 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba nikuite hivyo leo, na naandika kutoka nyumbani, si ofisini, karatasi hii haina muhuri.

Mimi ndiye wa Chini.

Chama kilinichagua nikuandikie kwa sababu ni katibu, nami niliona vyema niandike kama katibu, kwa adabu, mambo yaishe vizuri. Halafu ukaniandikia habari ya springi. Nikaikunja barua yako nikaificha kwenye droo ya vijiko. Mume wangu akaniuliza, "Nani kafariki?" Nikamwambia, "Hakuna. Kuna mtu anafufuka."

Sikiliza, Baba. Sikuwa na springi. Sikuwa na kitu. Nilifika chuoni na begi moja na shuka. Vitanda vya bweni vilikuwa vitupu, kila mtu alikuja na lake, na wazazi wanashusha magodoro kwenye magari wanacheka. Waliponiuliza langu liko wapi nikasema linakuja na lori. Kesho yake nikasema lori limeharibika. Siku iliyofuata nikasema limepata spea ila dereva anaumwa. Nililala juu ya mbao, nguo zangu zote nimetandaza chini ya shuka, na asubuhi nazikunja mapema kabla mtu hajaamka.

Chiriku, ambaye siku hizo bado alikuwa hasemi na mtu, aliinamisha kichwa kutoka kitanda cha juu akanitazama. Akasema, "Hilo lori lina magurudumu kweli?"

Nikalia. Yeye akashuka.

Jumamosi watu wote walipokwenda mjini alifunga mlango, akalivuta godoro lake chini. Akatafuta kona, akauma fundo kwa meno. Uzi ukatoka wote. Nikamwambia, umelichana, baba yako atasemaje? Akasema, "Hajachana mtu. Baba yangu huacha mlango." Tulikatia mifuko kwenye pazia lake na shuka langu. Sufi ikapanda, Baba, ikajaa chumba kizima, ikatua kwenye taa na kwenye nywele. Dirisha lilikuwa wazi, nyingine ikatoka ikaenda zake juu ya uwanja wa mpira. Tulikuwa kama watu walio ndani ya yai. Hapo ndipo alipoanza kuongea. Sijui ilikuwa nini, pengine harufu ya nyumbani. Aliongea tangu tunajaza mpaka tunashona, na hakuacha mpaka tunahitimu.

Tukapata magodoro mawili membamba. Akanifundisha kona ya nne. Wengine waliporudi nikasema lori limefika.

Nilimwapisha asimwambie mtu. Hata nyumbani. Nikamwuliza, utamwambia nini baba yako? Akacheka akasema, "Nitamwambia una springi." Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Sidhani alijua lingekuchoma hivyo. Au labda alijua, akalibeba, kwa kuwa alikuwa ameniahidi. Alikuwa anaongea kila kitu, Baba, ila hilo hakulisema kwa mtu mpaka mwisho.

Langu bado ninalo. Mwanangu mdogo hulala mchana juu yake. Kila kiangazi nauma fundo, naanika, narudisha.

Lake alilivisha kitambaa cha dukani, cha buluu, ili yasifanane.

Nenda ukaguse kona.

Fomu nimeiweka tena humu. Usitie sahihi kwa sababu yangu.

Binti yako wa Chini


Karakana ya Magodoro
2 Juni

Mwanangu wa Chini,

Marahaba, marahaba sana.

Barua yako nilikaa nayo mpaka mvua ilipokatika. Siku hiyo mchana kulikuwa na jua lile jembamba la baada ya mvua, na chiriku juu ya paa walikuwa wamenyamaza, nadhani walikuwa wanakauka. Nikafungua chumba chake. Nikavua viatu, sijui kwa nini.

Nilianza kona ya mlangoni. Mshono wa kufunga. Ya pili, wa kufunga. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikapiga magoti upande wa ukutani nikapitisha kidole kwenye ya nne, na kidole kikajua kabla yangu. Mshono wa kuvuta. Ila umelala upande mwingine, kila pigo limeinama kushoto, kama nyasi zilizopitiwa na upepo wa kinyume. Hakuna fundi duniani anayeshona hivyo ila mtoto aliyejifundisha kwa kunitazama akiwa amekaa mbele yangu.

Nilicheka peke yangu. Shangazi yake akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia, "Njoo uone jinsi mtoto huyu anavyoshona vibaya." Naye akapiga magoti. Tukawa wazee wawili kando ya kitanda tunatazama kona.

Nikauma fundo. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa sufi yangu. Ya mwaka ule. Bado inarudi juu.

Nililitoa nje, mwanangu. Nilijua litakalotokea nikalitoa hivyo hivyo. Nikakaa kwenye kigoda nikalitazama bonde lake kwenye jua, na likajaa polepole, polepole, kama mtu anayeinuka kitandani hataki kuwaamsha wengine. Sikulizuia. Lilipokwisha kujaa nikaenda kuchemsha maji.

Fomu nimetia sahihi. Wekeni jina la Chiriku, nimelizoea sasa. Ila nina maneno yangu, uyapeleke kwenye hilo baraza.

La kwanza. Mmeandika apewe mwenye alama za juu. Mwenye alama za juu watu watamwona, anang'aa. Mimi naomba apewe yule ambaye godoro lake linakuja na lori. Nyie mliokaa mabwenini mnamjua mtu huyo kwa macho. Msimwulize mbele za watu.

La pili. Mnasema fedha hazitaguswa kamwe. Nimeelewa, na ni vizuri, la sivyo zitaliwa. Lakini nawaambia kama fundi, sufi isiyoguswa kamwe hugeuka donge. Hiyo faida msiifunge yote kwa mshono wa kufunga. Acheni kona. Kila mwaka ibaki sehemu kidogo ambayo mlezi wa bweni anaweza kuichukua wiki ya kwanza, bila fomu na bila kusubiri kikao, mtoto akikutwa amelala kwenye mbao.

La tatu. Anayepata ufadhili huo, godoro nitamshonea mimi, kila mwaka, mpaka mikono ikatae. Kwa hiyo kwenye maswali yenu ya kina nani wazazi wako na ulipata alama ngapi, ongezeni moja. Unalalia ubavu gani.

Bonde limekwisha. Nilidhani nitajuta. Usiku ule nililala vizuri.

Godoro lake nimelirudisha kitandani. Kona nilijaribu kuishona kwa mkono wa kushoto, nifuate mapigo yake. Imetoka mbaya kuliko yake.

Njoo na mtoto siku moja. Njoo na hilo lako pia, nataka kuona umelitunzaje.

Baba yako,
Fundi


Ofisi ya Chama cha Wahitimu
11 Septemba

Baba,

Shikamoo. Leo natumia karatasi ya muhuri kwa makusudi.

Baraza lilikubali. Halikukubali kirahisi. Mhazini alishika karatasi yako kwa ncha za vidole akauliza, "Hili la ubavu, linapimwaje?" Mwingine akasema kona ni uzembe wa mahesabu. Nikaona jambo linazama. Nikasimama nikawaambia habari ya lori. Nilikuwa sijawahi kuisema kwa sauti mbele ya watu wenye tai. Nilipomaliza, yule mwalimu wa takwimu, amezeeka sasa, akavua miwani akasema, "Ukigawa aibu ya mtoto huyu kwa watu wote humu ndani, kila mmoja anaweza kubeba sehemu yake. Andikeni hilo swali." Wakaandika.

Msichana wa kwanza tumempata. Mlezi wa bweni alimwona amekaa kwenye ngazi na ndoo, akimwambia kila anayepita kwamba anamsubiri kaka yake na mizigo. Kaka hakuwepo. Wala hajawahi kuwepo, yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa kwao.

Fomu alijaza yote, kwa mwandiko wa kubana kama anayeogopa kumaliza karatasi. Kwenye swali lako alikaa muda mrefu. Nakuandikia jibu lake kama lilivyo:

"Sijui. Nyumbani tunalala wengi. Mmoja akigeuka tunageuka wote."

Nimjibu nini?

Wa Chini


Karakana ya Magodoro
24 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie asijali. Mtu asiyejua ubavu wake hushonewa sawasawa pande zote. Alale kwanza. Atageuka peke yake mpaka aupate, na mwaka ujao akija na godoro tulianike nitauona mwenyewe kwa bonde lake, nimwongezee pale anapopenda.

Godoro lake nimekwisha kulishona. Jana mchana nililala juu yake kidogo, kulipima. Nikamwota mwanangu mlangoni. Safari hii alikuwa na sauti. Aliongea, na sikumbuki hata neno, maana usingizi ulinichukua katikati, kama wale wasichana wenu. Niliamka chiriku wanapiga kelele juu ya paa nikawaacha.

Nimelifunga kwa kamba, dereva wa lori la mbao atalileta Jumanne. Ndiyo, kwa lori. Shangazi yenu alicheka mpaka akakaa chini. Mwambie msichana akasimame getini alipokee mwenyewe, watu wote waone.

Kona ya nne ina fundo moja. Usimwonyeshe. Siku akiinamisha kichwa akamwona mwenzake amelala kwenye mbao, ataitafuta.

Baba yenu,
Fundi Magodoro